Mlango wa Mwalimu wa Takwimu

Maretadu, Mbulu
4 Agosti 2024

Mwanangu Hilda,

Hujambo huko Dodoma? Sisi ni wazima; mguu wa mama yako umepona na maharage tumekwisha kuyapura. Nakuandikia kwa sababu habari za mitihani si za kupigiana kelele katika simu. Umekuwa wa ngapi? Katika ukoo wetu hakuna aliyefika chuo kikuu kabla yako. Kila Jumapili naulizwa, nami nabaki kukohoa.

Baba yako, Baltazar

Dodoma
13 Agosti 2024

Shikamoo Baba,

Mwili ni mzima. Poleni na kazi ya kupura.

Hapa hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Ni kufaulu au kutofaulu. Nimefaulu masomo yote isipokuwa Takwimu. Nitarudia mtihani Septemba. Nikishindwa tena, nitaondolewa chuoni.

Mhadhiri alisema asiyeelewa amfuate ofisini. Nilisubiri aniite, maana ulitufundisha kwamba mtoto haingii kwa mkubwa bila kuitwa. Fransiska, ninayeishi naye, wazazi wake wamesoma. Yeye huingia mle kama kwa mjomba wake. Amefaulu.

Nisamehe.

Mwanao, Hilda

Maretadu
21 Agosti 2024

Hilda,

Tu wazima. Baada ya barua yako niliacha chakula hata mama yako akauliza, "Kwani mtoto amekufa?" Nikamwambia, "Hapana. Ametii."

Adabu niliyokufundisha siifuti. Lakini anayetumwa haulizwi kwa nini ameingia. Basi nakutuma. Gonga, amkia, useme umetumwa na baba yako. Usitoke kabla hujaelewa.

Baba yako

Dodoma
6 Oktoba 2024

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Natumaini mu wazima. Nilikwenda kwa Dakta Shumbana, yule mhadhiri wa Takwimu.

"Umetumwa? Baba yako anataka nini?"

"Anataka nielewe, mwalimu."

Alicheka hadi akavua miwani. "Basi kaa. Mzee huyo tusimwangushe."

Nilirudi tena na tena. Mwishoni sikukutaja, Baba, niligonga tu.

Jana matokeo yalitoka. Nimepata C. Naingia mwaka wa pili! Nimelia, kisha nimekula wali sahani mbili.

Mwanao, Hilda

Maretadu
14 Oktoba 2024

Mwanangu Hilda,

Barua yako imetukuta wazima na kutuacha wazima zaidi. Mama yako ameisoma kwa sauti, kisha akaimba. Mimi nilitoka kuwaangalia ng'ombe, ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Mdogo wako Marieta anasumbuliwa na hesabu. Nimemwagiza amfuate mwalimu wake kesho.

"Nimwambie umenituma?"

"Mwambie huelewi," nikamjibu. "Inatosha."

Baba yako, Baltazar