Mpwa Wangu Amenona Vizuri, Sasa Hospitali ya Nini?

Mpendwa mshauri Mama Dorkas, naomba msaada wa kumtuliza mpwa wangu Asteria maana amenishinda, na mimi Melkizedeki wa Vudee sishindwi ovyo, nilishamtoa chui zizini kwa kumvuta mkia, uliza yeyote huku mlimani. Asteria alijifungua wiki iliyopita, na kwa vile mumewe yuko kazini Mwanga nikamleta kwangu alelewe uzazi kama desturi yetu, hashiki jembe, hatoki nje, anakula tu, na menyu naipanga mimi, supu yenye mafuta ya mbuzi, mtori, maziwa, darasa la tano nililoishia lilinitosha kujua mzazi analishwaje. Na matunda yanaonekana, uso umejaa, mikono imejaa, miguu imenona mpaka kandambili haziingii, nimeita majirani waje wajifunze. Jumapili tunamtoa nje kwa sherehe. Sasa tangu jana analalamika kichwa kinamgonga na anaona nyota mchana kweupe, eti nesi alimwambia akiona hivyo arudi hospitali haraka. Nikamwambia, "Wee mtoto, presha ni ya wajawazito, wewe umeshajifungua, unaitoa wapi?" Akanijibu mbele ya mke wangu, "Mjomba, sijanona. Nimevimba." Akishuka hospitali ya Same kabla ya Jumapili watasema nimeshindwa kulea. Nimwambieje atulie?

*Mama Dorkas anajibu:*

Kaka Melkizedeki, hongera kwa chui. Hili la sasa halina mkia wa kuvuta.

Umemlisha na kumpumzisha, hilo nakupa, wapo wanaompa mzazi mzigo wa kuni. Lakini kumnyamazisha umekosea sana. Presha ya uzazi inaweza kupanda hata baada ya kujifungua, siku au wiki kadhaa baadaye. Kuvimba uso, kichwa kisichoachia, kuona nyota: hizo ni dalili za hatari, na kinachofuata ni kifafa cha mimba, ambacho humshika hata aliyekwisha kujifungua. Kinaua. Mbonyeze mguu kwa kidole gumba uone kama shimo linabaki. Mafuta ya mbuzi hayafanyi hivyo. Usipoliona, mpeleke vilevile, kichwa na macho vinatosha.

Bodaboda hapana, ataanguka. Tafuta gari, alale ubavu wa kushoto, mkeo akae naye, na mtoto aende akanyonye. Mkifika msiseme tu "anaumwa kichwa," mtawekwa kwenye foleni. Semeni ametoka kujifungua, kichwa kinamgonga, haoni vizuri, amevimba. Tena mwacheni aseme mwenyewe akiweza, kwa sababu humo ndani ni yeye pekee aliyemsikiliza nesi.

Majirani waambie lolote utakalo, maneno hayakupi shida.

Ujumbe wako umeingia asubuhi hii. Nimekupigia simu hupokei, nadhani umekaa unasubiri nikusome redioni. Haya, nimeshakusoma. Zima redio, ita gari.