Walinzi wa Dirishani kwa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimemgeuza mama, nikakuta sisimizi mgongoni. Tena! Wanaishi kwenye ufa wa dirisha, wanazunguka lile ua la kopo, kisha hao, kitandani. Nimekung'uta mashuka mpaka kiuno kimekataa. Nikasema kopo liende nje. Mama akawa mkali – mwalimu wa baiolojia hata akiwa hoi. Eti hao ni walinzi. Walinzi!

Jumanne, 4 Machi
Kanilazimisha nitazame. Kwenye maua kuna viwavi wa kijani, kama punje za mchele. Sisimizi wanawapapasa, kiwavi anatoa tone tamu mgongoni, wanaramba. Ndiyo mshahara. Nyigu akisogea, anakiona cha moto. Kipepeo atakayetoka humo ni saizi ya ukucha, buluu juu, michirizi chini, na vimkia viwili nyuma ili ndege adhani kichwa kiko huko. Mama kaongea weee, bila kukohoa. Mimi nilisinzia nimesimama.

Alhamisi, 6 Machi
Dada kaja na dawa ya kupulizia. Kaona mabaka mgongoni kwa mama, kanigeukia: kwani huna macho? Imeniuma. Yeye huja ananukia vizuri, anatoa amri, anaondoka.

Tayari alishatikisa mkebe. Mama akasema, kauelekea ukuta: "Basi nihamisheni mimi. Wao waacheni."

Dirisha lile ndiyo matembezi yake pekee. Tumemhamishia chumbani kwangu, kwenye giza. Mimi sasa nalala sakafuni.

Jumatano, 12 Machi
Viwavi wamejikunyata kwenye majani makavu, wamekuwa bundo. Nje kimya, ndani wanageuka vipepeo. Mama halali. Kila nikijinyoosha: "Wametoka?" Bado, mama. "Nenda kaangalie vizuri." Nimechoka na hiyo bado.

Ijumaa, 21 Machi
Mmoja katoka! Kang'ang'ania ukingo wa kopo, mabawa bado mabichi, yamekunjamana. Nimekimbilia chumbani – mama kalala. Usingizi wa kweli, mdomo wazi, wa kwanza tangu tumhamishe. Akiamka, hatalala tena. Wala mimi.

Nimerudi nikabeba kopo, pamoja na sisimizi wake wote. Niko ukingoni mwa kitanda, kopo mapajani, taa nimewasha. Wananipanda mikono. Mabawa yananyooka, buluu imeanza kuonekana. Hatakaa muda huyu.

Nimemwita mara moja. Taratibu. Taratibu mno, najijua.