Kadi ya Neema

Jumanne

Binti yangu Neema kamshinda fundi wa kompyuta! Fundi alitaka tuchukue kadi ya michoro, kile kifaa cha kuisaidia kompyuta kuonyesha picha, yenye feni mbili na memori ya GB nane. Hata mimi niliitaka, maana mnadani huwa nachagua mbuzi mwenye kifua kipana. Neema akasoma maboksi yote mawili, la hiyo na la kadi ndogo iliyokuwa kando yake.

"Mama, hii inataka umeme mwingi kuliko kompyuta yangu inavyotoa. Ya GB sita inatosha kuchorea ramani za nyumba."

Fundi akakagua, akairudisha ile kubwa kwenye rafu. Tukabeba ndogo.

Shemeji kasema, "Mtoto wa kike ataunguza mashine huyo." Naogopa, sikatai. Ikiungua hatuna nyingine. Lakini kadi hairudi dukani ng'o! Shemeji na wenzake waje wote na vicheko vyao, tunaiwasha mbele yao Jumapili tukitoka kanisani.