Namba Isiyojua Hasi

Florø, Alhamisi

Kwako mdogo wangu Håvard,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Marit, na kwamba kile kikohozi chake kimemwachia. Huku miili yetu ni salama. Mama anatembea vizuri tangu apate fimbo, ingawa anaichukia na kuisahau kila anapoketi. Mvua ni ile ile.

Nimeandika kwa barua pepe badala ya kukupigia simu kwa sababu ungenichekesha, nami nikishacheka nashindwa kusema.

Habari za samaki unazo. Samoni wote wa kizimba cha tatu walikosa hewa wakafa, kengele imenyamaza. Nilikwenda kuwatazama wakinyonywa kwa bomba, na tangu hapo nina hasira isiyonitoka. Wakubwa wamepanga kumfukuza kazi kesho Torgeir, mzee wetu wa programu, na Torgeir hana kosa.

Unakumbuka ubishi wetu tulipoihamishia programu ya vizimba kwenye WebAssembly, ule mfumo mpya wa kuendeshea programu. Namba ya faili, ile ambayo programu hupewa inapofungua faili, tuiwekee aina inayokubali hasi au isiyokubali? Wewe ulitaka isiyokubali. Ulimwuliza Torgeir mbele ya watu, eti mzee, umewahi kuona nyumba namba hasi tatu mtaani kwenu? Tukacheka wote. Yeye akasema hasi moja si namba ya faili hata kidogo, ni programu inalia kwamba imeshindwa kufungua, na programu zetu zote za zamani zinauliza swali moja tu: ni chini ya sifuri? Ukamwambia aache mambo ya babu. Ukashinda, na kwa hilo sikulaumu. Wako wengi wenye akili wanaochagua kama wewe, ila wao hubadilisha na lile swali.

Siku ile diski ilijaa, faili ya vipimo vya oksijeni ikagoma kufunguka. Ikarudi hasi moja, na aina yako isiyojua hasi ikaigeuza kuwa bilioni nne na ushei. Ni chini ya sifuri? Wapi! Programu ikaendelea kuandika vipimo pasipo na faili, na kengele ikaendelea kusoma vipimo vya jana yake, vilivyokuwa vizuri kabisa.

Mashine ilikuwa imetuonya mapema kwamba sharti lile la chini ya sifuri haliwezi kutimia kamwe. Kuna mtu alilizima onyo hilo, na badiliko lina jina la Torgeir. Wakubwa wameridhika na hapo. Juzi jikoni kazini aliniambia hakumbuki kulizima, lakini kwa umri wake labda amesahau. Alikuwa anakata jibini ya kahawia. Håvard, umemfanya mtu asikiamini kichwa chake mwenyewe.

Maana ni wewe. Ulipokuwa bado huku, ulikaa kwenye kompyuta yake alipokwenda kumzika dada yake, mimi nikiwa kiti cha pili. Ulisema onyo hilo linapiga kelele kama Mama, ukalizima, ukaniambia utalirudia kesho yake. Jumanne kwenye mkutano wakauliza kama kuna anayejua lolote. Nilikutazama kwenye skrini. Ulifunga kipaza sauti ukanywa kahawa yako.

Basi leo mchana nimekwenda mwenyewe ofisini kwa wakubwa, nimetaja jina lako. Watakupigia kesho asubuhi. Sikuombi radhi. Nakupenda na ninakuonea aibu, yote mawili kwa pamoja, na inauma vibaya sana.

Msalimie Marit. Mama anauliza kama mtakuja Krismasi. Mengine sijamwambia. Mwambie wewe, na umwambie upesi, maana anayemletea kuni kila Jumamosi ni Torgeir.

Ni mimi, ambaye bado ni dada yako,

Gunnvor