Mkunga, Hukumu Imesomwa

Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi, saa moja na robo asubuhi. Mvua ya usiku kucha imekatika na jua limetoka. Saa kama hii, mwaka jana, ulituaga, dada yetu mpendwa, uliyeitwa na wote Mkunga. Tulikusudia kukuandikia kwa huzuni, lakini tuna habari, na habari hii haikai mdomoni!

Kwa miaka ishirini na sita uliwapokea watoto wa kata nzima. Viatu vyako vya raba vililala mlangoni vikielekea nje, ili ukiitwa usipoteze hatua. Chai uliinywa umesimama. Ulipogombea udiwani ulitaka jambo moja tu: maji yafike wodi ya wazazi.

Siku ya kurudisha fomu, ukumbi ukiwa umejaa, katibu wa tawi la chama alikuzuia mbele ya meza.

“Mama, siasa haina sketi. Rudi ukazalishe!”

“Katibu, mwanao wa kwanza nilimpokea mimi, alitanguliza miguu. Kumbe ukaidi ni wa ukoo!”

Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo alipokupiga kofi, akakuvua kilemba, akaichana fomu yako.

Mimi, kaka yako, niliketi safu ya pili. Shule ya bweni ilinifunza kwamba hakuna asemaye mkutanoni bila idhini ya mwenyekiti. Basi niliinua mkono, nikangoja idhini. Kofi la pili lilikupata mkono wangu ukiwa bado juu.

Jioni niliongeza kosa juu ya kosa: nikakushauri yaishe chamani, ukoo usianikwe.

“Kaka Mkuu,” ulisema, ukinitania kwa cheo changu cha shuleni, “shavu lililopigwa ni langu. Aibu imekuwaje yako?”

Ukaenda polisi. Ukachukua fomu nyingine. Ukashinda! Mwezi wa nne wa udiwani wako bomba la wodi lilitoa maji, nawe ukanawa uso mbele ya wagonjwa, ukicheka hadi sare ikalowa.

Maradhi ya figo yalikuchukua kabla kesi haijasikilizwa. Kitandani uliniambia, “Waliokuwapo wote wamefunga midomo. Wewe uliona. Nakudai ushahidi.”

Chama kilinitumia ujumbe: kesi ya marehemu izikwe na marehemu. Mwezi uliopita nilisimama mahakamani, nikaeleza yote niliyoyaona, na yale niliyoshindwa kuyafanya.

Jana hukumu ilisomwa: katibu ana hatia!

Wakunga wenzako walipiga vigelegele hadi karani akatoka mbio. “Kina mama, hapa ni mahakamani, si harusini!”

“Tulia, mwanangu,” akajibiwa na mkubwa wao, “hata siku uliyozaliwa tulikupigia hivi hivi.”

Kutoka hapo, wanawake wanne walikwenda moja kwa moja ofisi ya chama kuchukua fomu za udiwani. Wanne, dada! Mmoja ni binti yako.

Unakumbukwa na mumeo seremala, mabinti zako pacha, mama mkwe wako uliyemfanya shoga yako, wakunga wa zamu zote, na mimi kaka yako. Maadamu tu hai, hutasahaulika nyumbani mwetu.

Ulinidai ushahidi. Nimelipa.