Mpaka Zabibu Ziishe

Jumatatu, 10 Septemba

Nimekamua tena maziwa yangu asubuhi, nyuma ya nyumba, kwenye muzizi wa muzabibu. Saa ile ambayo Faida hunyonya. Mama alinifundisha siku tuliyoagana kijijini kwetu Lusangi: kamua kila siku kwa saa zake, ziwa lisisahau kazi. Na kwetu maziwa yaliyolala ziwani hayapewi mutoto, yanamwagwa chini. Basi muzabibu wa Madame unakunywa maziwa ya binti yangu. Faida iko na miezi minane. Siku ishirini sijamushika.

Halafu nikamuamusha Jaki, nikamuosha, nikamupa biberoni, chupa yake ya maziwa, nikamufunga mugongoni. Jaki ni mutoto wa Madame, na ndiye sababu niko huku Ulaya. Mugongoni kwangu halii. Bwana, mume wa Madame, ni mukubwa wa pamba kule Kasongo, na Baba Faida ndiye anamupimia pamba kwenye mizani. Bwana alimwambia: muke wako atafuatana na Madame vakansi, likizo ya Ulaya, miezi miwili. Hakuuliza, aliamuru. Madame akasema Faida abaki kwa bibi yake, watoto wawili kwenye avio, ile ndege, ni fujo. Baba Faida hakujibu kitu. Na mimi sikujibu. Siku nyingine ninatuchukia wote wawili kwa hilo.

Miezi miwili. Itapita.

Jumatano, 12 Septemba

Muji mudogo, umebanwa kati ya milima na bahari. Madame alizaliwa hapa. Anasema watu wa hapa ni Wakatalani, wako na lugha yao wenyewe, hata Bwana haisikii. Bwana hayuko, iko Brusele kwa madaktari, kwa sababu ya maini.

Kila mulango unanuka divai. Kwetu divai niliiona kwenye kikombe cha padri tu. Hapa inatiririka muferejini kama maji ya kufulia.

Milima yote wameikata ngazi ngazi, wameishika kwa mawe, na kila ngazi ni mizabibu. Watoto wananifuata sokoni. Mumoja alinigusa mukono akaangalia kidole chake kama kimechafuka. Nilicheka. Baadaye sikucheka.

Nimemuuliza Madame tunarudi siku gani. Akasema, “Zabibu zikiisha kuvunwa, Veronika.”

Vizuri. Hilo ninaweza kulisaidia.

Jumamosi, 15 Septemba

Nimeingia shambani. Madame aliniruhusu, anafikiri ninataka kuona. Niliomba kisu, nikapewa. Jaki mugongoni.

Mimi ni mutoto wa pamba. Tangu nilipokuwa na miaka saba nimechuma kwa mikono miwili, na kapita, musimamizi, amesimama nyuma yangu. Zabibu ni kazi nyepesi, hazina miiba ya kuchoma vidole kama ganda la pamba. Wanawake wao wanachuma huku wanaongea, wananyoosha mugongo, wanakunywa. Mimi sikusimama. Saa sita nilikuwa nimewaacha ngazi mbili nyuma.

Muzee mumoja wa kofia yenye viraka, kiongozi wao, akasema neno, wote wakacheka. Madame aliyekuwa chini barabarani akanitafsiria: “Wanauliza nani anakukimbiza.”

Nikamwambia: “Faida.”

Hakuwatafsiria.

Jumanne, 25 Septemba

Barua ya Baba Faida! Mwandiko wake wa kulala upande. Faida ameanza kutambaa. Amekataa uji, anakunywa maji ya mchele. Analala juu ya kikwembe changu cha kujifunga, kile nilichovaa siku tatu bila kukifua, nikakiacha makusudi, awe na harufu yangu. Mama anauliza: harufu imeisha, afanye nini?

Sijui afanye nini.

Ziwa la kushoto limepungua. Mikono yangu imekatika, utomvu na sukari vinaingia kwenye vidonda. Ngazi za upande wa bahari zimekwisha zote. Zimebaki za mulimani. Ninazihesabu kutoka dirishani wakati ninamulisha Jaki.

Jumapili, 30 Septemba

Misa. Kilatini ni kile kile cha Kasongo, nikajisikia nyumbani kidogo.

Kuna mwanamuke mumoja muzee, mimi ninamwita Bibi Kitambaa, kwa sababu hajui jina langu na mimi sijui lake. Anachuma zabibu pamoja nasi, kitambaa cheusi kichwani siku zote. Leo amenikuta nyuma ya ukuta wa nyumba ninakamua. Niliona haya. Yeye hakuona. Akaenda, akarudi na kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, akakiweka juu ya ziwa, akanionyesha kwa mukono: hivi, polepole, kutoka juu. Maziwa yakatoka mengi kuliko siku zote za wiki hii.

Kisha akajishika kifua chake mwenyewe. Akaonyesha mbali, nyumba kubwa, nyumba za matajiri. Akapakata mutoto asiyekuwepo, akamunyonyesha. Halafu akashusha mukono akapima urefu wa mutoto mwingine, mudogo sana, kando. Akaulaza ule mukono juu ya udongo, akauacha pale.

Nilielewa: yule mudogo alikuwa wake. Sikutaka kuelewa.

Jumatatu, 8 Oktoba

Asubuhi. Leo ni kapu la mwisho! Wamefunga tawi juu ya gari la kukokotwa na nyumbu. Muzee wa kofia amenipa niweke kishada cha mwisho mimi, wote wakapiga makofi. Nimeimba wimbo wetu wa kumaliza pamba, peke yangu, mbele ya watu wale wote. Valizi yangu ya nguo nimeifunga tayari.

Jioni. Haturudi. Bwana ameongezewa vakansi, maini bado. Mpaka Noeli ipite, labda Pasaka.

Nilimwambia, “Lakini Madame, ulisema zabibu.”

“Zabibu ziko kila mwaka, Veronika. Kwani utakosa nini kule? Mama yako si anamulea?”

Alikuwa anapaka siagi kwenye mukate.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimefua nguo za Jaki. Basi.

Jumamosi, 3 Novemba

Upepo siku ya nne. Hapa upepo unapiga mutu kama mukono. Mizabibu ilikuwa myekundu, sasa iko uchi, kama vijiti vya kuni. Bibi Kitambaa anapita na maji yake ya moto, lakini kushoto pamekauka. Kulia ni matone.

Barua. Faida alishikwa na homa siku sita. Walifikiri anakwenda. Amepona, anakula ugali na samaki, ameota meno mawili. Anamwita mama yangu “mama”.

Iko hai. Ninaandika tena: iko hai. Nimefurahi kweli. Nimelia mpaka Jaki naye akalia.

Ijumaa, 16 Novemba

Siku ya tatu hakuna hata tone. Nimeacha kwenda nyuma ya ukuta. Muzabibu ule utafute kinywaji kwingine.

Leo sebuleni Jaki, aliyekuwa hasemi kitu mpaka Madame akawa na wasiwasi, amesema neno. “Mama.” Madame akaruka kutoka kwenye fotey, kiti chake cha mito, mikono wazi. Jaki akageuka, akashika sketi yangu. “Mama,” akaniambia mimi.

Madame amemuchukua, wamejifungia chumbani. Nilimusikia Jaki akipiga mulango kwa mikono yake midogo.

Jumatatu, 19 Novemba

Ninarudishwa. Wamesema kuna masista wawili wanaokwenda Kindu, nitawafuata. Madame hakuniangalia usoni. Miezi yote nilikimbiza zabibu, na lililonifungulia ni neno moja la mutoto. Laiti lingesemwa mwezi wa tisa.

Bibi Kitambaa amekuja na furushi la zabibu zilizokaushwa, ndogo, nyeusi. Pengine ziko nilizochuma mimi humo. Amenishika mashavu. Jaki alikuwa dirishani, mukono kwenye kioo.

Alhamisi, 6 Desemba

Lusangi. Kamio, lori ya mizigo, imenishusha mchana. Baba Faida alinisindikiza kutoka Kasongo, njia nzima anaongea bei ya chumvi.

Faida amenenepa. Amesimama kwa kushika kiti. Aliponiona alilia, akatambaa mpaka chini ya kikwembe cha mama yangu. Nilimuchukua kwa nguvu. Kosa langu. Alipiga kelele kama amechomwa. Ninanuka sabuni ya kizungu.

Nilikwenda nyuma ya jiko, nikakamua chini kama inavyotakiwa, kumwaga yaliyolala. Hakukuwa na yaliyolala. Mama akanikuta.

“Acha, mwanangu. Acha sasa.”

Jumapili, 9 Desemba

Mvua imekatika asubuhi. Mama anachambua mchele barazani. Simwiti tena Faida aje. Ninakaa tu karibu, furushi kwenye mapaja.

Nilitafuna zabibu moja ikawa laini, nikaiweka kwenye ncha ya kidole. Aliangalia muda murefu. Akaja. Akalamba, akakunja uso, akameza. Akangoja. Nikatafuna nyingine. Ya tatu alipoipata aliacha mukono wake juu ya goti langu, ameusahau pale.

Ninampa moja, halafu ninangoja. Furushi limefika nusu. Sina haraka ziishe.