Taarifa Mbili za Mwalimu Gervasi

Temeke, Jumatatu, 1 Februari 1954

Mwanaidi,

Chai kavu tena. Shati la pili halikukauka, nimevaa lenye kiraka. Mnyororo wa baiskeli umechomoka karibu na karakana za Chang'ombe, nimefika chuoni na mikono myeusi.

Tangazo limebandikwa. Fungu la Kuendeleza Walimu. Kila mwaka chuo chetu chenyewe kinatenga fungu na kumpeleka mwalimu mmoja Uganda, akasome miezi tisa namna ya kufundisha walimu. Nauli, masomo, malazi, yote juu ya chuo. Mwaka huu wameongeza sharti: mwombaji asizidi miaka arobaini. Nina arobaini na tatu.

Mwaka juzi jina langu ndilo lililopita. Wewe nilikwambia wamenikataa. Ulikuwa umelalia ubavu wa kushoto, ule usiouma. Ukasema, "Basi hawana macho." Sikukataliwa, Mwanaidi. Niliirudisha nafasi mwenyewe. Sijui kama ulijua.

Mwaka huu ameomba mmoja tu. Gervasi.

Alhamisi, 4 Februari

Bwana Mkuu wa chuo ameniita. Kila mwombaji hupewa mwalimu mwangalizi, mtu wa siku nyingi kazini. Anakaa nyuma ya darasa lake mara tatu, anamshauri, kisha anaandika taarifa kwa Kamati inayoligawa fungu. Ameniteua mimi. Ati kwa sababu Gervasi ni rafiki yangu, nitamwona vizuri.

Ni rafiki kweli. Tena mtani. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mie Mzaramo. Siku ya maziko yako alijilaza mlangoni mbele ya jeneza. Akasema halipiti mpaka Wazaramo watoe ushuru, kwa kuwa wamemnyima samaki wako wa nazi maisha yake yote yaliyobaki. Watu walicheka huku wanalia. Na mimi nilicheka. Siku ile hakuna mwingine aliyeweza kunichekesha.

Leo alipopata habari alinifuata uani anapiga makofi.

"Jamani! Mtumwa wangu ndiye wa kunipima mimi?"

"Mtumwa wako ndiye mwenye kalamu," nikamjibu.

"Kalamu ulishikishwa na nani? Babu zangu walibeba mizigo mpaka huku, wakawakuta nyie mmekaa mnakunywa madafu!"

Nilicheka. Kicheko kilikuwa cha mdomoni.

Jumanne, 9 Februari

Nimekaa nyuma ya darasa lake. Hesabu za sehemu. Alikuja na machungwa matatu na kisu. Wanachuo, watu wazima wenye ndevu, walinyanyuka kwenye madawati kutazama chungwa likikatwa. Mimi nimefundisha sehemu miaka kumi na saba, hajanyanyuka mtu.

Nilimwonea wivu mpaka taya zikauma. Naandika hivyo hivyo.

Ana kasoro. Anauliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mtu hajavuta pumzi. Akiandika ubaoni analigeuzia darasa mgongo, na wazito wanabaki nyuma. Sikumwambia. Kazi yangu ilikuwa kumwambia.

Ijumaa, 12 Februari

Mara ya pili. Kasoro zile zile. Nimenyamaza.

Saa sita mkewe Paulina huja na bakuli la chakula, amelifunga kwa kitambaa cha maua. Wanakaa kwenye ngazi ya nyuma. Gervasi anamsimulia asubuhi nzima, nani kakosea nini, nani kalala. Paulina anacheka hata pasipochekesha. Wewe nawe ulikuwa hivyo. Ulikuwa unauliza, "Yule wa Kibamba kaja leo?" kana kwamba wanachuo wangu ni wapwa zako.

Simwonei wivu wa Uganda tu. Ana wa kumsimulia.

Alhamisi, 18 Februari

Darasa la tatu. Zuri kuliko mawili ya kwanza.

Baadaye nilikwenda kwa Karani Musa kuomba karatasi za taarifa. Yeye ndiye huandika yanayosemwa kwenye Kamati.

"Usimsifu sana rafiki yako," akaniambia. "Fungu hili si zawadi. Ni la kuziba pengo. Mwaka jana yule mwalimu wa jiografia walimwandikia kwamba amekamilika. Wazee wa Kamati wakasema, kama amekamilika anafuata nini Uganda? Wakamwacha."

Akacheka. Nikacheka. Nimerudi na baiskeli polepole, maneno yale kichwani.

Jumamosi, 20 Februari

Nimeandika taarifa. Kurasa mbili, hati nzuri, ile uliyokuwa ukiisifu. Nimeyataja machungwa. Nimesema wanachuo wanampenda. Mwisho nimeandika: "Mwalimu huyu anatosha. Sikuona upungufu."

Atakayeisoma atasema mimi, Selemani, nina roho safi.

Jumapili, 28 Februari

Sheria ni kwamba mwombaji husomewa taarifa yake kabla ya Kamati kukaa. Gervasi amesomewa jana. Leo wamekuja hapa, yeye na Paulina, na kuku jike mwekundu.

"Tumemleta mzima, shemeji," akasema Paulina, "uchinje mwenyewe." Wao Wakristo. Wamelifikiria hilo mpaka mwisho.

Gervasi hakufanya utani. Alisimama mlangoni kofia mkononi. Akasema hakuna mtu aliyewahi kuandika maneno kama yale juu yake, hata baba yake. Paulina ameinakili sentensi ya mwisho nyuma ya kalenda, wataipeleka Tabora mama mkwe akasomewe. Alinikariria palepale. "Mwalimu huyu anatosha. Sikuona upungufu."

Niliwapa chai. Nikawaongeza kabla hawajamaliza.

Kuku yuko uani. Siwezi kumchinja.

Ijumaa, 5 Machi

Kamati imemkataa.

Karani Musa kanisimulia. Haikuchukua muda. Mmoja alisoma mstari wangu kwa sauti, mwingine akasema mtu asiye na pengo hana la kuzibwa. Wakaenda kunywa chai.

Moyo wangu uliruka. Kwa furaha. Nataka uandikwe hapa mruko ule.

Gervasi nilimkuta chini ya mti tunapoegesha baiskeli. "Wamesema nimetosha," akaniambia. "Umewahi kusikia hayo, mtumwa wangu? Nimenyimwa kwa sababu ya uzuri!" Akacheka kwa nguvu, kisha akabaki ameishika baiskeli yangu badala ya yake.

Jumamosi, 6 Machi

Nimelala vizuri. Nimeamka nikaona haya.

Jumatano, 10 Machi

Bwana Mkuu ametangaza kwamba Kamati itakaa tena Ijumaa ijayo ya tarehe 19. Asipopatikana mwombaji, fungu la mwaka huu litanunua madawati.

Gervasi ametimiza arobaini Januari. Mwakani atakuwa amepita. Amepotewa na safari hii kama nilivyopotewa mimi. Ila mimi nilijua niliitoa kwa ajili ya nani. Yeye anadhani kanyang'anywa na sifa zake.

Mvua za masika zimeanza. Kuku amehamia jikoni.

Ijumaa, 12 Machi

Nimekuja kaburini kwako baada ya sala. Nimeng'oa majani. Nilikusudia kukueleza, nikashindwa kuanza. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinipakulia ukoko wa wali na kusema wewe huupendi. Miaka kumi na miwili niliamini. Halafu siku moja nikakukuta jikoni unakwangua sufuria peke yako. Ulikuwa unaupenda kupita mimi.

Wewe ulidanganya ili nipate. Mimi nimesema sifa ili mtu akose.

Jumamosi, 13 Machi

Nimeandika taarifa ya pili. Hii ilikuwa ngumu. Nimeandika kwamba Mwalimu Gervasi hujibu maswali yake mwenyewe. Kwamba huligeuzia darasa mgongo. Kwamba wepesi huenda naye na wazito huwaacha njiani, na atakapofundisha walimu, nao watawaacha wa kwao. Kwamba haya hayatamtoka kwa kushauriwa nyuma ya darasa. Yanataka ile miezi tisa ya masomo. Kwamba ana kipaji kinachostahili gharama hiyo. Na kwamba niliyaona yote mwezi wa pili nikayaficha.

Ningeweza kuipeleka moja kwa moja kwa Bwana Mkuu. Kesho nitampelekea Gervasi kwanza.

Jumapili, 14 Machi

Nimekwenda kwao baada ya wao kutoka kanisani. Nikampa Gervasi karatasi, nikabaki nimesimama. Paulina alikuwa anamenya mihogo. Kalenda iko ukutani, imegeuzwa, maneno yangu yamekaa nje.

Alisoma mara mbili.

"Ulijua?" akaniuliza. "Ulipoandika ile ya kwanza, ulijua watafanya nini?"

"Nilijua."

"Na haya ya humu, ni ya kweli au umeyatunga unisaidie?"

"Ya kweli yote."

Paulina aliacha kumenya. "Shemeji," akasema, "na kuku ukampokea?"

Gervasi aliikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yangu, akanirudishia.

"Ungekuja ukaniambia nyuma ya darasa siku ile," akasema, "ningekutukana, kisha ningejirekebisha." Akaitazama kalenda. "Peleka."

Sikukaribishwa kukaa.

Jumatatu, 15 Machi

Nimepeleka. Bwana Mkuu aliisoma yote. Akasema jina langu halitawekwa tena kwenye kazi ya uangalizi. Nikasema ni haki.

Kwenye ukumbi wa walimu Gervasi alikuwa anachukua chaki. Aliponiona akasimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu Selemani."

"Marahaba."

Miaka tisa hajawahi kuniamkia hivyo. Siku zote ilikuwa mtumwa, mvivu, mla papa, mzee wa madafu. Mtani haamkii mtani wake kwa adabu. Leo ameniamkia kama anavyowaamkia wakubwa asiowajua. Heshima nzima, hakuna hata chembe ya utani ya kukamata. Walimu wengine hawakuona kitu.

Nimekwenda chooni nikanawa uso.

Ijumaa, 19 Machi

Amepata. Karani Musa anasema safari hii walibishana saa nzima, ndipo mmoja akasema mtu mwenye makosa yanayojulikana ndiye wa kumsomesha. Wamekubaliana.

Nilingoja kufurahi. Wivu ulitangulia, ule ule, kana kwamba sijafanya lolote. Furaha ilikuja alasiri, ndogo, wakati napanga madaftari.

Jumatatu, 29 Machi

"Shikamoo, Mwalimu." Kila asubuhi. Ningempa nini anitukane mara moja tu.

Nimempa dada yako Zena yule kuku. Nimemwambia asiniambie akimchinja.

Ijumaa, 9 Aprili

Bwana Mkuu amegawa vipindi vya Gervasi. Hesabu zake zote miezi tisa ni zangu, juu ya vipindi vyangu. Hakuna aliyezitaka. Nimepokea.

Gervasi alinikabidhi daftari lake la masomo mbele ya watu. Ndani, ukurasa kwa ukurasa, ameweka alama ya wino mwekundu mahali panapotakiwa kungoja jibu. Ameziweka siku hizi, wino bado unang'aa. Sikuona neno lililoandikwa kwa ajili yangu. Nilitazama mpaka jalada la nyuma.

Jumatatu, 12 Aprili

Ameondoka na treni. Walimu walikwenda stesheni kumsindikiza. Mimi nilibaki na darasa, kwa kuwa lazima mmoja abaki, na sikuulizwa.

Jumanne, 13 Aprili

Mwanaidi,

Mvua tangu alfajiri. Nimefika nimelowa mpaka magotini. Wanachuo walinitazama kama wageni wanavyotazama chakula wasichokizoea.

Sikuleta machungwa. Nilichora duara ubaoni, nikaligawa, nikageuka, nikauliza. Hakuna aliyejibu. Nikangoja. Kimya kilikuwa kirefu, mvua inapiga bati. Mwishowe mmoja wa nyuma kabisa, mtu mzima wa Madale ambaye sijamsikia sauti tangu mwaka uanze, akasema jibu. Lilikuwa nusu sahihi. Nikamwambia aendelee. Akaendelea mpaka akalifikisha.

Jioni nimerudi, nimeanika shati, nimekaa. Nimekusimulia kwa sauti, nani kakosea nini, nani kalala. Chumba kimesikiliza.

Wivu haujaondoka. Naufahamu sasa ninapouona, basi. Gervasi atarudi Januari, na huenda ataniamkia hivi hivi mpaka tustaafu. Nitaitikia.

Ukinikumbuka huko uliko, mke wangu, nikumbuke kwa taarifa ya pili.